Hepatiti B: kuitwa « porteur sain » si kusema ini ni zima

Kuna maneno mawili ya Kifaransa ambayo watu wenye virusi vya hepatiti B husikia mara nyingi kutoka kwa waganga: porteur sain. Maana yake, mtu anabeba virusi lakini yeye mwenyewe ni mzima. Wakati umefika maneno hayo yaondoke kwenye hospitali na vituo vya afya vya mashariki mwa Kongo.

Kwa kawaida habari hiyo inamfikia mtu ambaye hakuja kujitibisha. Kijana amekwenda kutoa damu kwa ajili ya ndugu yake anayepasuliwa, na damu yake inakataliwa. Mama mjamzito amepimwa pamoja na wenzake. Karatasi inaonyesha « AgHBs positif ». Akiuliza, anaambiwa asitoe damu tena, bibi au bwana yake apimwe na kupewa chanjo, na kwa mengine asiwe na wasiwasi. Anarudi nyumbani bila tarehe ya kurudi. Ini lake halijapimwa hata mara moja, lakini limekwisha kutangazwa kuwa zima.

Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na ndiyo sababu ni la hatari. Wengi wenye virusi hivi watazeeka na kufa kwa ugonjwa mwingine. Madaktari wa Ulaya na Amerika waliofuatilia watoaji damu wa aina hiyo kwa miaka mingi waliona kwamba ini la wengi wao lilibaki karibu salama. Lakini wengi si wote, na hakuna anayeweza kujua yuko upande gani kwa kujitazama kwenye kioo.

Ini halina neva za maumivu ndani yake. Kinachouma ni utando unaolifunika, pale ini linapovimba. Virusi vya hepatiti B vyenyewe haviui chembe za ini moja kwa moja. Ni kinga ya mwili inayozishambulia chembe zilizoingiliwa, mwaka baada ya mwaka, na kila shambulio linaweza kuacha kovu. Na kwa kuwa ini linaweza kufanya kazi hata sehemu yake kubwa ikiwa imeharibika, mtu anaendelea kulima, kubeba mizigo na kucheza mpira huku makovu yakiongezeka. Macho yakigeuka manjano na tumbo likijaa maji, uharibifu huo unakuwa umeanza zamani sana.

Ushahidi mkubwa ulitoka Taiwan. Mwaka 1981, mtafiti Mmarekani Palmer Beasley na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia wanaume 22,707, watumishi wa serikali waliokuwa wakienda kazini kila siku. Kati yao, 3,454 walikuwa na virusi. Kansa ya ini iliua wanaume 41 katika kundi lote. Arobaini kati ya hao 41 walikuwa miongoni mwa wenye virusi. Walipoandikishwa, hawakuwa wagonjwa wa kitandani, walikuwa maofisini.

Hali ya Kongo inafanana zaidi na ile ya Taiwan ya wakati huo kuliko ya Ulaya, kwa sababu ya umri wa kuambukizwa. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida unavifukuza virusi. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 kati ya 10 wanabaki navyo. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 35 anayeambiwa leo kwamba ni porteur sain huenda ana miaka karibu 35 akiishi na virusi hivyo. Juu ya hayo kuna kanyanga, na kuna aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo na virusi hivyo vikikutana katika ini moja, hatari ya kansa inapanda sana.

Halafu kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha katika Kivu: karuho. Baba wa miaka arobaini anakonda, miguu inakuwa myembamba, tumbo linavimba, siku moja anatapika damu. Daktari anajua kwamba ini lililojaa makovu linazuia damu kupita, mishipa ya njia ya chakula inavimba na kupasuka. Lakini nyumbani swali linakuwa lingine: alikunywa wapi, na nani alimpa kikombe? Jirani anatajwa, au mke mwenza, au mama wa kambo. Mgonjwa anapelekwa kwa muganga wa kienyeji kutapishwa sumu, na ini lililokwisha choka linapewa tena mzigo wa dawa ambazo hakuna anayejua kipimo chake. Kama kuna watu wanaotiliana sumu, hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Lakini ni wangapi wametajwa kuwa walozi kwa ajili ya virusi ambavyo marehemu alizaliwa navyo?

Kumpima mtu kabla ya kufika huko si lazima mashine kubwa kutoka nje. Mwezi Machi 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo mpya unaokubali hesabu rahisi iitwayo APRI. Zinahitajika namba mbili tu kutoka damu: transaminazi ya ASAT na plaketi, zile chembe zinazosaidia damu kuganda. Mtu mwenye ASAT 48, pale ambapo kikomo cha maabara ni 40, na plaketi 150,000, anapata 0.8. Kwa mtu mzima, kupita 0.5 kunatosha kuanza dawa, hata kama anajisikia vizuri kabisa. Aliye chini ya hapo arudi kupimwa kila mwaka, maana hali hii inabadilika.

Dawa yenyewe, tenofovir, si ngeni Kongo. Ni kidonge kimoja kwa siku, na imo katika dawa ambazo wenye virusi vya UKIMWI wanapewa bure. Haiondoi hepatiti B mwilini mara nyingi, bali inaizuia kulila ini. Lakini mwenye hepatiti B peke yake hahesabiwi katika mpango wa UKIMWI, naye anaachwa ajitafutie kwenye famasia. Ni vigumu kuona haki katika mpangilio huo. Kwa hesabu ya OMS ya mwaka 2022, watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na hepatiti B, na katika kanda ya Afrika waliokuwa wamepimwa na kujua hali yao hawakufika 5 kati ya 100. Kuwapata hao wachache na kuwarudisha nyumbani bila miadi ni kupoteza hata kile kidogo kilichopatikana.

Na watoto? Chanjo ya pentavalenti, ambayo ndani yake mna kinga ya hepatiti B, inaanza wiki ya 6. Kwa mtoto wa mama mwenye virusi, wiki 6 ni kuchelewa. Dozi ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24. Inawezekana: huko Kinshasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipima wajawazito zaidi ya 4,000 katika maternite za kawaida, ukawapa tenofovir wale wenye virusi vingi, na watoto wakachanjwa wakizaliwa. Miezi sita baadaye, hakuna hata mtoto mmoja kati ya waliofuatiliwa aliyekutwa na virusi. Wakuu wa afya wa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri waseme ni lini maternite za huku zitakuwa na dozi hiyo kwenye friji usiku mama anapojifungua.