Nani Anaotesha Nyasi Kwenye Vibarua?

Saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya mageti ya viwanda vya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, huwa kuna watu wamesimama. Nairobi, Eneo la Viwanda, hali ni hiyo hiyo. Hakuna anayepiga kelele. Macho yote yapo kwenye mlango mdogo wa pembeni, atakapotokea msimamizi na kuanza kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye shati la bluu. Waliochaguliwa wanaingia. Waliobaki wanasubiri kidogo, labda atatoka tena, kisha wanaondoka mmoja mmoja kwenda kujaribu geti jingine.

Ndani ya uzio huo huo, chai ya saa nne ikipita, mwenye kiwanda huwa analalamika kikaoni. Vijana wa siku hizi hawakai kazini. Ukimfundisha mashine leo, kesho kahamia kwa jirani kwa nyongeza ya shilingi mia tano. Wanachelewa, wanachezea simu, Jumatatu hawaonekani. Mengi ya hayo ni kweli, na si vizuri kumkejeli mtu ambaye oda yake imechelewa kwa sababu watu sita hawakutokea. Ila ni nadra kumsikia mlalamikaji akiunganisha kilio chake na kile kidole cha asubuhi.

Kiswahili chenyewe kimeihifadhi historia ya kazi hiyo ya kutwa. Kibarua ni barua ndogo. Katika pwani ya karne ya 19 mtu wa kazi ya kutwa, na wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba siku ile kafanya kazi. Jina la karatasi likamhamia aliyeibeba, halafu likaihamia kazi yenyewe. Leo hata mkurugenzi mwenye dereva na kiyoyozi akiondolewa, mtaani watasema kibarua chake kimeota nyasi.

Mahali palipolipa gharama ya mtindo huu wa kuajiri kwa siku waziwazi ni bandari ya Mombasa. Kwa miongo mingi ya ukoloni, makuli wa Kilindini walichukuliwa kwa siku. Kampuni za kupakua mizigo ziliona faida: meli ikitia nanga, watu wapo, isipofika, hakuna wa kulipwa. Makuli wenyewe wengi nao waliupenda utaratibu huo, jambo ambalo wanaowahurumia vibarua husahau kulitaja. Mtu angeweza kubeba magunia siku kadhaa za mwezi, kisha akarudi kwenye minazi na mihogo yake bila kumwomba ruhusa mzungu yeyote. Siku ilikuwa mali yake, akiiuza anapotaka.

Tatizo likaonekana pale mwajiri alipohitaji zaidi ya mabega. Asiyemjua mfanyakazi wake kwa jina hawezi kumfundisha, hawezi kumpandisha, na wala hawezi kumtisha, maana wa siku moja hana cha kupoteza. Makuli waligoma mwaka 1934, wakagoma tena 1939. Januari 1947 mgomo ulitoka bandarini ukaenea reli, mahoteli na hata majumbani kwa mabwana, na mji ukasimama kwa karibu wiki mbili. Uwanja waliokuwa wakikutania wakaupa jina la Kiwanja cha Maskini. Serikali ya kikoloni ilimkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, mwezi Agosti mwaka huo na kumpeleka Kabarnet, mbali kabisa na bahari, alikozuiliwa kwa miaka mingi.

Kumkamata mtu mmoja kulikuwa rahisi. Kazi yenyewe ilifanyika katika miaka ya 1950, pale waajiri na serikali walipokubali kuwaandikisha makuli, kupunguza idadi ya wanaoruhusiwa kuja getini, na kuwageuza hatua kwa hatua kuwa watu wa mshahara. Mwanahistoria Frederick Cooper aliyafuatilia mabadiliko hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1987, na anayekisoma haoni huruma nyingi mle. Waajiri walikuwa wamepiga hesabu. Waliona nguvukazi inayoelea ni ghali kuliko inayokaa. Wapo waliobaki nje ya orodha, na kwao mlango wa bandari ulifungwa. Mageuzi ya namna hii hayajawahi kuwa ya bure.

Miaka kama arobaini kabla ya hapo, hesabu hiyo hiyo ilikuwa imepigwa Marekani, kwa namba ambazo bado zinashangaza. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Michigan kiliajiri watu zaidi ya 52,000 ili kiwe na wafanyakazi kama 14,000. Watu waliingia na kutoka kama abiria wa stendi, kwa sababu kazi ya kusimama mbele ya mkanda unaotembea, ukikaza nati ile ile kutwa nzima, ilikuwa inawachosha akili. Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ujira wa wakati ule, na saa za kazi zikashuka kutoka 9 hadi 8. Wimbi la kuacha kazi likatulia upesi. Hadithi hii ina upande wake mchafu: wakaguzi wa kampuni waliingia hadi majumbani kuangalia nani anakunywa na nani nyumba yake ni safi, na aliyeshindwa mtihani huo hakupata zile dola zote.

Mwajiri wa Tandika au Gikomba atasema yeye si Ford, naye atakuwa na haki. Lakini apige hesabu yake ndogo. Tuseme mshonaji mpya anatoa nusu ya kazi ya mzoefu kwa wiki tatu za mwanzo, siku sita kwa wiki. Hapo zimekwenda siku 18, na ujira wa siku tisa umelipwa bila nguo. Juu yake kuna muda wa anayemfundisha, uzi ulioharibika na sindano zilizovunjika. Akiondoka mwezi wa tatu, hesabu inaanza upya kwa mwingine. Gharama hii haina risiti, ndiyo maana haionekani.

Malipo hufundisha tabia kuliko semina yoyote, na ushahidi hupita barabarani kila siku. Mwenye daladala humkabidhi dereva gari alfajiri na jioni hudai hesabu, yaani kiasi walichokubaliana. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho cha dereva na konda. Mshahara hakuna, mkataba mara nyingi hakuna. Dereva akichoka humwachia deiwaka apige tripu mbili tatu, mtu ambaye mwenye gari pengine hamjui hata kwa sura. Halafu mwenye gari, abiria na trafiki wote hushangaa kwa nini gari linakimbizwa, ruti inakatishwa na watu wanashindiliwa mpaka mlango haufungi. Dereva anafanya kile ambacho malipo yamemwagiza. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi Tanzania waligoma na kuwaacha abiria wamekwama Ubungo na kwingineko, na mkataba wa ajira ulikuwa miongoni mwa madai yao. Hapo mfanyakazi alidai karatasi, si pesa tu.

Sheria za nchi zetu zinaijua vizuri hadithi ya geti. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Ndipo ukazaliwa ule ujanja maarufu: kapumzike kidogo, uje Jumatatu ya pili. Wanaofanya hivyo hudhani wameokoa fedha. Lakini Kenya na Tanzania zote zimeweka sharti linalofanana, kwamba mwajiri asiyeweza kuonyesha masharti ya kazi kwa maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana. Daftari ambalo halikuandikwa humtetea kibarua.

Upande wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Ovataimu hulipwa mara moja na nusu, na haipaswi kuzidi saa 50 katika wiki nne. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Ni hesabu za darasa la tano, lakini ugomvi mwingi wa kazini huanzia hapo kwa sababu saa hazikuandikwa na yeyote. Siku hizi kampuni nyingi zimenunua mashine za kusoma alama za vidole. Si vibaya. Ila mashine hujua nani kaingia saa ngapi. Haijui kwamba zamu ya Jumapili ilitangazwa Jumamosi usiku kwenye kundi la WhatsApp, mtu akiwa tayari amekwishaahidi kuwa harusini. Rosta iliyobandikwa ukutani wiki mbili kabla ingezuia utoro mwingi kuliko mashine, na gharama yake ni karatasi na gundi.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya menejimenti kutoka ng'ambo havilitaji, nalo ni msiba. Sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo kwa ajili ya kuugua au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hayumo. Shangazi hayumo. Mjomba aliyemlipia mtu ada tangu kidato cha kwanza hayumo, na kijiji kizima kitauliza kwa nini huyo mpwa hakuonekana makaburini. Matokeo yake mtu hudanganya, na mwajiri hutaniwa kwamba mfanyakazi wake amezika mabibi wanne. Mwenye busara angeliandika mapema: siku za ziada za msiba zikatwe kwenye likizo ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28, au watu waruhusiwe kubadilishana zamu. Uongo ungepungua, na kazi ingejulikana nani anaishika.

Wapo watakaosema biashara zao ni za msimu, na hawadanganyi. Hoteli za Zanzibar hukonda masika ikiingia. Korosho za Mtwara zina miezi yake. Hakuna atakayeshauri kumlipa mtu miezi sita akitazama mvua. Lakini msimu unajulikana, na kwa kuwa unajulikana unaweza kuandikwa: utaanza Juni, utaishia Machi, na msimu ujao waliofanya vizuri wataitwa kwanza kabla ya kutafuta wapya. Ahadi hiyo ya mwisho haigharimu shilingi, na mhudumu anayejua ataitwa tena ana sababu ya kujifunza majina ya wageni.

Yule mwenye kidole naye asiachwe. Wasimamizi wengi walipandishwa cheo kwa sababu walikuwa mafundi hodari au walikaa muda mrefu, na siku walipokabidhiwa watu 30 hakuna aliyewafundisha namna ya kusema na mtu aliyekosea. Zaidi ya hapo, anayeamua nani ale leo na nani alale njaa amepewa mamlaka ambayo hata mkurugenzi hana. Si ajabu kiti hicho kikinuka rushwa na, kwa wanawake, mambo mabaya zaidi. Uteuzi ukihama kutoka kwenye kidole ukaenda kwenye orodha iliyoandikwa, msimamizi hubaki na kazi yake halali ya kusimamia.

Mwajiri anayesoma gazeti hili hahitaji mshauri wa kulipwa ili aanze. Afungue orodha ya mishahara ya Januari iliyopita, aiweke pembeni ya orodha ya mwezi huu, ahesabu majina yaliyopotea. Kisha awapigie simu watano kati ya waliopotea, namba zao bado zipo, awaulize kwa upole waliondoka kwa nini.