Acheni Kutishana na Logi

"Lakini ulishuti na logi?"

Manze, nimechoka na hili swali. Msee amemaliza video yake ya kwanza, ameshuti jamaa anauza smokie pale steji, sauti iko poa, stori iko, watu wanacheka mahali wanafaa kucheka. Halafu anatokea mtaalamu mmoja mwenye mkoba wa kamera begani, na kitu cha kwanza anauliza ni hicho. Haulizi hata jamaa wa smokie anaitwa nani.

Kama hujui tunaongelea nini: logi ni njia ya kamera kurekodi picha ikiwa imefifia, rangi zimekufa, kila kitu kijivu, ndiyo mwanga mkali wa mawingu na giza la chini ya meza vyote vitoshee kwenye faili moja. Kazi ya kurudisha rangi inabaki yako, baadaye, kwa kompyuta. Sony wanaita yao S-Log, Canon C-Log, Panasonic V-Log, na Apple waliileta kwa simu mwaka wa 2023 na iPhone 15 Pro. Wazo lenyewe si la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kodak walikuwa na mfumo unaitwa Cineon, wa kuingiza filamu za sinema kwenye kompyuta, na ulitumia hesabu za aina hii. Yaani ni kitu cha watu wenye chumba cha giza, skrini ya bei ya gari, na mtu mmoja ambaye kazi yake yote ni rangi. Wewe unaediti kitandani na laptopu inapiga kelele kama posho mill.

Sasa tuongee ukweli kuhusu kamera tulizo nazo. Chukua Sony A7 III, ambayo mimi na marafiki zangu tumekodisha mara hata hatukumbuki. Ndani inarekodi biti 8. Hiyo ni hatua 256 kwa kila rangi, nyekundu, kijani na buluu. Kamera ya biti 10 inakupa 1,024. Ukishuti kawaida, 256 zinatosha kabisa, video nyingi unazotazama kwa simu ziko hapo. Lakini S-Log3 inazibana hizo hatua zako chache, halafu wewe kwa laptopu unazivuta zirudi pana. Zinakatika. Anga la jioni linatoka mistari mistari kama ngazi, na hakuna LUT ya kununua itakayorudisha kitu ambacho kamera haikurekodi.

Na jua letu je? Hii hesabu haihitaji digrii, na mimi sina. Saa sita mchana bila mawingu, ISO 100 na shata ya 1/100, lenzi inafaa iwe karibu f/16. Lakini S-Log3 kwa hiyo A7 III inaanzia ISO 800, huwezi kushuka. Shata yako iko 1/50 kwa sababu unashuti fremu 25. Tayari mwanga umezidi kwa stopu 4. Halafu unataka f/2.8 ndiyo nyuma ipotee vizuri, ongeza stopu 5. Jumla 9, ama 7 hivi ukifuata wale wanaosema logi izidishiwe mwanga kidogo. Hizo zote zinazuiwa na filta ya ND, na zile za bei rahisi za kuzungusha zikifika mwisho zinakuwekea X nyeusi katikati ya picha. Ukishuti profaili ya kawaida kwa ISO 100, unahitaji 6. Bado ni nyingi, lakini ukifunga lenzi hadi f/8 unabaki na 3, na unaendelea na maisha yako.

Ukikosea upande ule mwingine ni mbaya zaidi, na hapa ndipo mimi nakasirika. Logi ikikosa mwanga wa kutosha, chenga zote zinajaa kwenye vivuli. Na kwa video zetu, ni nani hukaa upande wa vivuli? Ni sisi. Uso mweusi ndani ya matatu, uso mweusi kwa keja yenye balbu moja. Mtu anashuti giza, anainua kwa laptopu, anabandika LUT aliyonunua kwa msee wa ng'ambo aliyeipima kwa wazungu wakiwa ufuoni, na bibi arusi anatoka rangi ya jivu. Halafu anaitwa "sinematiki". Hii stori ni ya zamani pia. Kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, watu waliziita kadi za Shirley. Angalau wale walikuwa wanauza filamu zao. Sisi tunajifanyia wenyewe, na tunalipia.

Karatasi ya manila nyeupe, imeshikwa na rafiki yako upande wa dirisha, inafanyia ngozi yetu kazi kubwa kuliko S-Log yoyote. Lakini karatasi ya manila haikupi heshima kwa grupu ya WhatsApp.

Kuna kampuni moja ilinipa kazi ya video ya sekunde 30. Brifu ilisema logi, lazima, na faili zifike kesho yake asubuhi. Nikashuti logi, nikapeleka. Hakukuwa na mtu wa rangi huko. Waliipost vile ilivyo, kijivu kama uji wa jana, na ikakaa hivyo. Aliyeandika ile brifu alikuwa amesikia tu kwamba watu serious hushuti hivyo.

Hiyo ni ya kucheka. Hii nyingine si ya kucheka: kuna dogo namjua, anaandika vichekesho vizuri kuniliko, amekaa miezi minane hajashuti kitu. Anangoja simu yenye logi. Yake inashuti 1080 safi kabisa. Na hata akiipata hiyo iPhone, kamera ya Apple yenyewe inarekodi logi kwa ProRes, na ProRes ya 4K inakula karibu GB 6 kwa dakika moja. Dakika 10 ni GB 60. Atahifadhi wapi, kwa mtungi? Kuna aplikesheni ya bure ya Blackmagic Camera inayorekodi logi hiyo kwa H.265, faili zinapungua sana, lakini hao wa kutisha watu huwa hawamwambii hivyo.

Sijasema logi ni takataka. Kama kamera yako ni ya biti 10, na unashuti mtu ndani ya nyumba huku dirisha nyuma yake linawaka, shuti logi, itakuokolea dirisha na uso kwa pamoja. Kama unaunganisha kamera mbili za kampuni tofauti, inasaidia zifanane. Kama kuna mtu analipwa kushughulika na rangi, mpe logi, atakushukuru. Lakini ruracio ambayo familia inataka video usiku huo huo? Vichekesho vya TikTok vitakavyotazamwa kwa skrini iliyopasuka, mwangaza umeshushwa ili chaji ifike Rongai? Weka profaili ya kawaida, punguza kontrasti kidogo, chunga uso usiungue, rekodi.

Na kama bado unataka kubishana, fanya hivi. Weka kamera kwa tripodi, shuti kitu kimoja mara mbili, logi na kawaida. Editi zote mbili, hesabu saa ulizotumia kwa kila moja, zipandishe TikTok, halafu mpe shangazi yako simu yake mwenyewe atazame. Kisha uje na hizo faili mbili tuongee. Jina la kamera yako liache nyumbani.