Fulana ya Kijani Haikupatikana Mezani

Tarehe 21 Julai 2024, mjini Nice, kijana wa Asmara aitwaye Biniam Girmay alivikwa fulana ya kijani ya Tour de France. Fulana hiyo ilianza kutolewa mwaka 1953, na kabla yake hapana Mwafrika aliyeipata. Mtu mwenye kupenda ubishi aweza kusema kuwa waamuzi ndio waliompa. Sisi tumeitazama hesabu, nasi tunakataa.

Fulana ya manjano ni ya yule aliyetumia muda mchache kuliko wote katika siku zote za mbio. Ya kijani haitazami saa, inatazama pointi. Katika hatua za tambarare wa kwanza hupewa 50, wa pili 30, wa tatu 20. Katika hatua za milima mikubwa mshindi hupata 20 tu. Tena njiani huwekwa mstari ambao mwenye kuutangulia hupata 20 nyingine. Kwa hiyo mwenye mbio za ghafula hawezi kushinda siku moja kisha akalala. Hana budi kuokota pointi kila siku, hata siku ambayo hakuna anayemtazama.

Girmay alishinda hatua tatu: Turin, Colombey-les-Deux-Églises na Villeneuve-sur-Lot. Mpinzani wake, Jasper Philipsen wa Ubelgiji, aliyeivaa fulana hiyo mwaka 2023, naye alishinda tatu. Mwisho wa yote Girmay alikuwa na pointi 387, Philipsen 354. Tofauti ni 33.

Hapo ndipo mbishi hupata neno. Huko Dijon, katika hatua ya sita, Philipsen alifika wa pili, lakini waamuzi wakamshusha kwa kosa la kuacha njia yake na kumbana mwenziwe. Girmay, aliyekuwa wa tatu, akapanda. Mmoja alipoteza 30, mwingine akaongeza 10. Jumla yake ni 40, nayo yapita 33. Hesabu hiyo ni kweli. Lakini sheria ya kutomziba mwenzio ni ya kulinda mifupa ya watu waendao kasi ya gari, nayo ilikuwapo kabla ya mbio kuanza. Aliyeivunja ndiye aliyezitupa pointi zake. Hakuna aliyemwibia.

Tena mbishi husahau Nîmes. Katika hatua ya kumi na sita Girmay alianguka karibu na mwisho, na Philipsen akachukua 50 zote. Mbele ilikuwa milima ya Alps, na siku ya mwisho haikuwa Paris kama desturi, kwa kuwa mji ulikuwa ukijiandaa kwa Olimpiki. Ilikuwa mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, kutoka Monaco hadi Nice. Mwenye majeraha ilimlazimu kuivuka milima hiyo ndani ya muda uliowekwa, ama sivyo aondolewe na pointi zake zote zipotee. Aliivuka.

Tusisahau pia wale ambao majina yao hayapandi jukwaani. Timu yake, Intermarché-Wanty ya Ubelgiji, haikuwa miongoni mwa matajiri. Kuna wapanda baiskeli ambao kazi yao ni kukata upepo, kuleta maji, na kumfikisha mwenzao mita mia chache za mwisho. Zawadi ya fulana ya kijani ni euro 25,000, ya manjano 500,000, na kwa desturi fedha hizo hugawanywa katika timu. Mfanyakazi yeyote ataelewa kwa nini.

Huko Eritrea baiskeli ililetwa na Waitalia, na katika siku za utawala wao wenyeji walizuiwa kushindana nao. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot, Mweritrea, alivaa kwa siku kadhaa fulana ya mfalme wa milima katika Tour. Girmay mwenyewe alipita katika kituo cha mafunzo cha chama cha baiskeli cha dunia, kilichoko Aigle, Uswisi. Vijana wangapi wenye miguu kama yake hawakupata nafasi hiyo, wala viza ya kuifuata?

Mwaka 2025 fulana ilichukuliwa na Jonathan Milan wa Italia. Girmay alikuwa wa tatu kwa pointi, bila ya kushinda hatua hata moja. Septemba ya mwaka huo mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Safari hii walioomba viza na kupanda ndege ni Wazungu.