Shamba la Naboti na jeraha la Lubunga: mhubiri ajitayarishe namna gani?

Tangu Februari 2023 makanisa yetu ya Kisangani yanaishi na jeraha la Lubunga. Ugomvi juu ya ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, uligeuka kuwa mapigano kati ya Wambole na Walengola. Mamia ya watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na makumi ya maelfu walikimbia, wengi wao wakiingia mjini. Leo wajane wa pande zote mbili wanaweza kununua mihogo katika soko moja na kuketi Jumapili katika kanisa moja.

Jeraha hilo limekuja juu ya jingine. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa siku sita. Mwezi wa Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita. Mfuko wa FRIVAO uliwekwa hapa Kisangani ili kuwagawia wahanga pesa hizo, na malalamiko juu yake hayajakoma. Tena, tangu Goma na Bukavu zilipoanguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, kila habari ya mashariki inaongeza hofu.

Katika mji wa namna hiyo, mahubiri ya Jumapili ni jambo la amani au la vita. Viongozi wa ECC na wa CENCO wanabeba Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya amani tangu Januari 2025. Wao wanakutana na wanasiasa. Lakini anayekutana na mama aliyechomewa nyumba ni mchungaji wa mtaa. Ndiyo sababu tunauliza: mchungaji huyo analisoma Neno saa ngapi kabla ya kupanda mimbarini?

Tuseme ukweli bila kumhukumu mtu. Wahubiri wetu wengi hawaishi kwa sadaka peke yake. Wanafundisha shule, wanalima, wanaendesha pikipiki. Matayarisho yanaanza siku ya posho jioni, umeme haupo, simu ina moto kidogo. Basi mtu anachukua neno alilokwisha kutaka kusema, kisha anatafuta mstari wa kulifunika. Ama anachukua mahubiri ya mtu mwingine kwenye simu, yaliyotolewa kwa watu wa nchi nyingine wenye shida nyingine.

Tuchukue mfano wa 1 Wafalme 21, shamba la mizabibu la Naboti. Palipo na ugomvi wa ardhi, andiko hili linakuja haraka mdomoni. Aliyelisoma mbiombio atahubiri hivi: Ahabu ni yule mwenye nguvu, Naboti ni sisi. Waamini watapiga makofi. Shida ni kwamba kule Lubunga kila upande unasema: Naboti ni sisi. Mahubiri hayohayo yakitolewa katika makanisa mawili yatawasha mioto miwili.

Lakini aliyelisoma mara tatu au nne katika juma ataona mengine. Kuanzia mstari wa 8, Ahabu yuko nyumbani. Anayeandika barua ni Yezebeli, kwa jina la mfalme na kwa muhuri wake. Wanaozipokea ni wazee wa mji wa Naboti mwenyewe, majirani zake. Wao ndio wanaotangaza mfungo, na mbele ya kusanyiko watu wawili wanashuhudia uongo. Naboti aliuawa kwa barua, kwa uvumi na kwa ibada iliyogeuzwa silaha. Hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza: habari hii imetoka wapi?

Hapo andiko linamgusa kila mtu kanisani, Mmbole na Mlengola, na sisi tusio wa upande wowote. Nani alituma ujumbe kwenye simu bila kuuhakikisha? Nani alinyamaza? Na akifika mstari wa 27, mhubiri atakuta jambo gumu zaidi: hata Ahabu alijinyenyekeza, na Mungu akaliona. Hiyo haifuti hukumu wala damu ya Naboti. Inamzuia mhubiri kumfungia jirani mlango wa toba.

Wengine watatujibu kwa Matayo 10: Roho atatupa maneno saa ileile. Ndiyo, lakini Bwana alisema hayo kwa watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya wakubwa. Hakuyasema kwa mtu aliyepewa siku sita za kujitayarisha.

Tunapendekeza mambo mepesi. Andiko lichaguliwe Jumatatu, kabla habari za juma hazijatuchagulia. Lisomwe sura nzima, kwa sauti, katika lugha zetu: Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Mahali zinapotofautiana, tusimame tuulize kwa nini. Katikati ya juma wahubiri wawili au watatu wa jumuiya mbalimbali wakutane saa moja, na ikiwezekana wawe wa makabila tofauti. Kila mmoja aulizwe: mwenzangu wa ng'ambo akiyasikia mahubiri haya, ataitikia Amina au atatoka nje? Na siku ya posho iwe ya maombi na ya kupunguza maneno, siyo ya kuanza.

Saa moja ya juma haitarudisha waliokufa wala kugawa ardhi kwa haki. Kazi hiyo ni ya serikali na mahakama, na tutaendelea kuwadai. Ila wazee wa mji wa Naboti walipewa barua, wakaitii bila kuipima. Tusiwe wazee hao. Bwana awape wahubiri wetu juma la kusoma, na awape waamini subira ya kulisikia Neno mpaka mwisho wa sura.