Kiatu chepesi na mkimbiaji asiye na mkataba
MWENDO WA WIKI, na Rehema Mushi

Septemba 12, 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alikata utepe wa Vienna City Marathon kwa saa 2:09:22. Sekunde tatu nyuma yake akaingia Mkenya Leonard Langat. Hurisa akapongezwa, akapigwa picha, kisha waamuzi wakamtazama miguuni. Soli za viatu vyake zilikuwa na unene wa sentimita tano, na sheria inaruhusu nne. Kwenye fomu aliyoijaza kabla ya mbio alikuwa ametaja kiatu kingine. Ushindi ukahamia kwa Langat.

Miaka miwili tu kabla ya hapo asingefutwa. Kikomo hicho cha milimita 40 kiliwekwa na World Athletics mwishoni mwa Januari 2020, pamoja na sharti kwamba ndani ya soli kuwe na bamba moja tu gumu. Kilichoilazimisha ni siku mbili za Oktoba 2019 zilizotikisa dunia ya riadha: Eliud Kipchoge akikimbia 1:59:40 kwenye bustani ya Prater, Vienna, na kesho yake Brigid Kosgei akiivunja Chicago, kwa 2:14:04, rekodi ya Paula Radcliffe iliyodumu miaka 16. Wote wawili walivaa viatu vya aina mpya: soli nene ya povu laini inayodunda, na bamba la kaboni katikati yake.

Tangu hapo, popote wanapokutana wakimbiaji, iwe ni kikundi cha joging Coco Beach alfajiri ya Jumamosi au vijana wanaopasha misuli kwenye barabara za marumu za Iten, mjadala haujaisha. Wapo wanaosema kiatu kinakimbia badala ya mtu. Wapo wanaosema kiatu ni kiatu tu, na kama una shaka mkumbuke Abebe Bikila aliyeshinda Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. (Wanaomtaja Bikila husahau nusu ya pili ya habari: miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akakimbia kwa kasi zaidi kwa dakika tatu.) Wengi zaidi husema kwa sauti ya chini kwamba wangependa kuvijaribu, ila bei haishikiki.

Kinachotajwa zaidi katika mabishano hayo ni uzito, na hapo ndipo mazungumzo yanapopotea njia.

Septemba 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia Berlin kwa 2:11:53, akaipunguza rekodi ya Kosgei kwa zaidi ya dakika mbili. Alikuwa amevaa Adizero Adios Pro Evo 1 ya Adidas. Kiatu kimoja kina gramu 138, sawa na mayai matatu ya kuku wa kienyeji. Pea moja iliuzwa dola 500, zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania, na kampuni ilitoa pea 521 tu kwa awamu ya kwanza. Ilieleza wazi pia kwamba kiatu hicho kimetengenezwa kwa ajili ya marathoni moja na muda kidogo wa kukizoea. Dunia nzima ikaishika ile namba, 138, kana kwamba siri yote imo humo.

Haimo. Uzito una faida, lakini faida yake ni ndogo na imepimwa siku nyingi. Kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu humgharimu mkimbiaji takribani asilimia moja ya nishati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder walilithibitisha hilo kwa hila nzuri: walificha vipande vidogo vya madini ya risasi ndani ya viatu vya wakimbiaji bila kuwaambia, wakawapeleka uwanjani kukimbia mita 3,000. Uzito ulipoongezeka, muda nao ukarefuka, ingawa wakimbiaji hawakujua walichobeba. Kwa hesabu hiyo, anayetoka kwenye kiatu cha gramu 220 na kuingia kwenye cha 138 anaokoa chini ya asilimia moja.

Sasa tazama jaribio jingine la watafiti haohao, lile lililokipa kiatu cha Nike jina la Vaporfly 4%. Walichukua kiatu hicho kikiwa bado cha majaribio, wakakiongezea uzito hadi kikalingana na kiatu alichovaa Dennis Kimetto alipokimbia 2:02:57 Berlin mwaka 2014. Wepesi wake wote wakaufuta kwa makusudi. Bado wakimbiaji 18 waliopimwa walitumia nishati pungufu kwa wastani wa asilimia nne. Faida hiyo haikutoka kwenye mizani, ilitoka kwenye povu. Soli ya aina hiyo hubonyea mguu unapotua, kisha hurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyobonyezwa. Baadaye watafiti wengine walichukua viatu vya namna hiyo na kulikata bamba la kaboni. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo mno. Kaboni ndiyo inayonadiwa dukani, lakini kazi kubwa hufanywa na povu.

Na hata povu halimfai kila mtu kwa kiwango kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia wakiwa na viatu hivi vipya na wakiwa na viatu bapa vya zamani. Mmoja alinufaika kwa asilimia 11.4. Mwingine alipata hasara ya asilimia 11.3. Hawa ni watu wa daraja moja, wanaokimbia kasi inayokaribiana! Kwa hiyo mkimbiaji anayesema kiatu fulani kimempa mabawa na mwenzake anayesema kilekile kimemchosha wanaweza kuwa wote wanasema kweli, na kocha anayewavalisha vijana wake wote kiatu cha aina moja kwa sababu bingwa fulani alikivaa anabahatisha.

Kwa watu wa kawaida, wanaokimbia kwa afya na kwa medali ya kumalizia, habari ni nyingine. Kwa kasi ya kilomita 12 kwa saa, faida iliyopimwa ya kiatu cha aina hii ilishuka hadi karibu asilimia moja na nusu. Kwa kilomita 10 kwa saa, yaani marathoni ya saa nne na robo, ilikuwa chini ya asilimia moja, na wapo waliotumia nguvu zaidi kuliko wakiwa na viatu vya kawaida. Wakimbiaji wengi wa kundi hili husifu kitu tofauti kabisa na kasi: kesho yake miguu haiumi sana. Hilo ni jambo la maana kwa mtu anayerudi kazini Jumatatu. Lakini hulalamika pia kwamba soli nene na laini huyumba kwenye kona na kwenye lami iliyobomoka, na madaktari wa michezo wameshaandika kuhusu wakimbiaji waliopata nyufa za mfupa wa katikati ya mguu walipokuwa wakitumia viatu vya kaboni. Anayetaka kuvivaa avizoee polepole. Mtu mwenye laki tatu za ziada na marathoni ya saa tano angefanya vyema zaidi kununua raba nzuri za mazoezi, na maoni ya safu hii juu ya hilo hayana kigugumizi.

Suala la haki ni zito zaidi, na linawahusu watu wetu moja kwa moja.

Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Kipchoge, Feyisa Lilesa na Galen Rupp walisimama jukwaani na medali tatu za marathoni ya wanaume. Baadaye ikajulikana kwamba wote watatu walivaa kiatu cha majaribio ambacho mpinzani wao asingeweza kukinunua popote. Mwaka huohuo, kwenye mchujo wa Marekani, Kara Goucher alimaliza wa nne, nafasi moja nje ya timu, na baadhi ya waliomtangulia walikuwa na kiatu hichohicho. Amelizungumza hadharani, na ana haki ya kulizungumza.

Kipchoge ana jibu lake, nalo si dogo. Aliwahi kusema kwamba katika Formula One magari yote hupewa tairi za Pirelli, ila Mercedes ndiyo inayoongoza, kwa sababu ya injini; na injini ya marathoni ni mtu. Ni kweli. Tatizo ni kwamba mfano wake unasimama pale tu ambapo kila gari limepewa tairi hizo. Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alikimbia 2:00:35 Chicago Oktoba 2023 akiwa na kiatu kilichoingia madukani Januari iliyofuata. Hakuvunja sheria yoyote. World Athletics huruhusu viatu vya majaribio vilivyoidhinishwa, isipokuwa kwenye Olimpiki na mashindano yake ya dunia. Ukuu wa Kiptum hautiwi doa na hilo. Sheria ndiyo inayohitaji kuzibwa.

Chini ya mabingwa kuna mamia ya vijana wa Iten, Kaptagat, Arusha na Karatu ambao hawana meneja wala kampuni. Wanapofika kwenye mbio ambazo zingewapa mkataba, wanavaa walichopata: pea ya mtumba, au iliyoachwa na mwenzao mwenye udhamini baada ya kuichakaza. Na povu hili jipya huzeeka haraka. Vipimo vilivyofanywa baada ya kilomita 450 vilikuta faida yake dhidi ya povu la kawaida imekwisha. Kijana anayevaa kaboni ya mkono wa pili anaweza kuwa amevaa jina la kiatu tu.

Wanaosema tofauti hiyo ni ndogo wakumbuke Tokyo, Septemba 15, 2025. Alphonce Simbu alilipatia taifa la Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kwa muda wa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros. Kilichowatenganisha baada ya kilomita 42 ni sekunde 0.03. Katika mchezo unaoamuliwa hivyo, asilimia moja ni umbali mrefu.

Mwaka 2020 World Athletics ilitangaza mpango wa kuwapatia viatu wanariadha wa daraja la juu wasio na wadhamini. Wazo ni zuri, ila limeanzia ngazi ya juu mno, kwa mtu ambaye tayari anajulikana. Pa kuanzia ni kwenye mchujo wa taifa. Athletics Kenya na Riadha Tanzania zinapozungumza na kampuni za vifaa, zidai kwamba kila mwenye kiwango cha kuingia mchujo wa marathoni apate pea mpya, halali, wiki nne kabla ya siku, na aruhusiwe kujaribu aina mbili au tatu achague inayomfaa mguuni. Kampuni hizi hutengeneza jina lao kwa miguu ya Afrika Mashariki. Pea mia moja haziwezi kuwa mzigo kwao. Waandaaji wa mbio kubwa kama Kilimanjaro Marathon waliingize sharti hilohilo kwenye mikataba ya wadhamini wao, na waamuzi wapime soli kabla ya mbio kuanza, si baada ya mtu kukata utepe. Makocha wa kambi waanze sasa kukusanya saizi za miguu ya vijana wao, ili siku kampuni itakapouliza, orodha iwe tayari mezani.