Mradi wa Sarafu Ukija Kijijini, Uletwe Kikaoni

Ndugu zangu wa Kitui na Makueni, kati ya Januari na Machi, mvua za vuli zikiwa zimetujalia, mkononi huwa na kitu. Ndengu zimevunwa, maembe yamepakiwa kwenye malori, na mweka hazina wa chama ana salio la kuhesabika. Wenye maneno matamu wanaijua kalenda hiyo kama sisi tunavyoijua. Ndipo ujumbe huanza kuingia kwenye makundi ya WhatsApp ya chama, ya kanisa na ya waliosoma pamoja: kuna mradi mpya wa blokucheni, ndio kwanza unaanza, sarafu yake leo ni senti chache, atakayewahi ndiye atakayefaidi.

Naomba tujiwekee kawaida moja, kutoka Mwingi hadi Kibwezi. Mradi wa namna hiyo usipewe hata shilingi ya kikundi kabla haujaletwa kikaoni mchana kweupe, ukaulizwa maswali, na majibu yake yakaandikwa kwenye daftari la kumbukumbu.

Sisemi teknolojia hii ni ya uongo. Blokucheni ni daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, hivyo mtu mmoja hawezi kuchana ukurasa kwa siri. Humu nchini imefanya kazi ya maana. Shirika la Grassroots Economics, lililoanzisha vocha ya Bangla-Pesa katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, mwaka 2013, baadaye lilihamishia vocha zake kwenye blokucheni kwa jina la Sarafu. Watu wa Kinango, Kwale, wakaweza kuuziana chakula na kulipana vibarua hata shilingi ilipokuwa adimu. Kampuni ya ACRE Africa nayo ilishirikiana na Etherisc, ya bima kwa blokucheni, katika bima ya mazao: mvua ikipungua kwa vipimo vya setilaiti, programu hukokotoa fidia na mkulima akalipwa kwa simu. Kwetu, ambako msimu mmoja ukikosa mvua huondoka na ada ya shule, wazo kama hilo linastahili kusikilizwa kwa makini. Na ukiitazama miradi hiyo unaona mara moja inasimama juu ya nini. Vocha imeshikwa na bidhaa na kazi za wanachama wenyewe. Bima inalipwa kwa michango ya waliokata bima.

Kwa hiyo swali la kwanza, ambalo ningetaka kikao kisiliache hata likichukua saa nzima, ni hili: fedha ya kumlipa mwanachama inatoka wapi? Tuseme mradi umeahidi asilimia 20 kila mwezi. Chukueni kalamu. Shilingi 10,000, faida ikirudishwa ndani kila mwezi, baada ya mwaka zitakuwa zaidi ya 89,000. Ni biashara gani hapa Wote au Kitui mjini inayozaa hivyo? Mwaka 2022 mradi mkubwa wa blokucheni wa Terra ulikuwa ukiwalipa walioweka akiba karibu asilimia 20, tena kwa mwaka mzima, na mwezi Mei ukaanguka na mabilioni ya dola ya watu wa kila pembe ya dunia. Kama mradi uliokuwa na wataalamu na mitaji ulishindwa kulipa kiasi hicho kwa mwaka, anayeahidi kukilipa kwa mwezi atueleze siri yake kwa lugha tunayoielewa. Akijibu kwamba faida itatokana na wanachama wapya, kikao kimekwisha. Jopo la serikali lililoongozwa na Francis Nyenze, mwana wa Kitui, liliripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya karibu 150,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika miradi ya upatu. Wakati huo sarafu ya bitcoin ndiyo kwanza ilikuwa imeanza; upatu haukungoja blokucheni.

Tafadhali msiridhike kwa sababu jirani amelipwa. Upatu hulipa vizuri miezi ya mwanzo; malipo hayo ndiyo tangazo lake.

Swali la pili ni la funguo: nani ameushika mradi? Mradi wa blokucheni huwa na tokeni zake, yaani sarafu zake, na mtu fulani ndiye aliyezigawa. Waanzilishi wamejitengea kiasi gani, na wamefungwa kutoziuza kwa muda gani? Wakiwa na nusu ya tokeni na hawajafungwa, siku bei ikipanda watauza, nanyi mtabaki mnatazama namba ikishuka. Programu inayoshika fedha zenu, nani anaweza kuibadilisha au kuisimamisha peke yake? Imekaguliwa na nani asiye wa kampuni hiyo? Uzuri ni kwamba mengi ya haya hayahitaji kuaminiana. Daftari la blokucheni lililo wazi husomwa na yeyote mwenye intaneti. Ombeni anwani ya tokeni, mwone zimelala kwa nani. Na hapa nawaomba wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha SEKU, pale Kwa Vonza: mama anayeuza ndengu akikuletea anwani hiyo, kaa naye, ifungue, msomee.

Swali la leseni lisichukue muda mrefu. Cheti cha kusajili kampuni si leseni. Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ya mwaka 2025 imezipa usimamizi Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa hiyo jina la mradi liulizwe huko, lisiulizwe kwa wakala wake.

Wala bei ya kujiunga si fedha tu. Julai 2023 maelfu walipanga foleni KICC Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho na mradi wa sarafu wa Worldcoin, kwa tokeni za takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo mapema Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Mradi ukiomba macho, alama za vidole au kitambulisho, ulizeni vitatunzwa wapi na kwa nini.

Kuhoji mradi kabla ya kuulipia si jambo geni kwetu. Makueni, tangu enzi za Gavana Kivutha Kibwana, wananchi huchagua kamati ya mradi, na mkandarasi hulipwa kamati ikisharidhika na kazi. Na kabla ya kamati palikuwa na mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi: mabwawa ya mchanga yalipojengwa, watu walichimba hadi mwamba kwanza, maana ukuta ukikalia mchanga maji hupita chini yake. Mradi wa blokucheni nao una mwamba wake wa kutafutwa kabla ya jiwe la kwanza.

Waweka hazina, msione haya kusema "tungoje kikao kijacho." Wachungaji na machifu, msimpe mtu kipaza sauti kwa sababu ametoa mchango. Vijana wetu mlio Nairobi na Ghuba, kabla ya kumtumia mama kiungo cha kujiunga, mpigieni simu mumweleze mtakavyolipwa, naye awaulize maswali haya.

Na kama fedha zimeshakwenda, msikae kimya kwa aibu. Tunzeni ujumbe wote, namba za miamala ya M-Pesa na anwani za pochi za kidijitali zilikopelekwa, kisha mwende polisi kuandikisha taarifa wiki hii, kikundi kizima kwa pamoja.