Kuuza Miti, Kununua Joho



Juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, mzee mmoja wa kigango chetu aliingia ofisini akiwa ameshika bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha ya binti yake amevaa joho, siku ya mahafali yake ya chuo kikuu. Ili binti huyo asome, mzee aliuza ekari moja ya miti ya paina ikiwa bado michanga, kwa bei ya mti mchanga. Mkopo wa Bodi ulilipia sehemu tu ya gharama. Sasa ni mwaka wa tatu tangu binti arudi nyumbani, na ajira haijapatikana. Mzee akatuambia, “Baba Paroko, nilipanda mti, nimevuna karatasi.” Kisha akaeleza lililomleta hasa: mdogo wake binti amemaliza kidato cha sita, na ekari iliyobaki ni moja. Je, aiuze?

Swali hilo tumelibeba juma zima. Kila anayesafiri kati ya Njombe na Makambako, kilomita zipatazo 60, huona mashamba ya miti pande zote mbili za barabara. Kwa familia nyingi miti hiyo ndiyo benki: hupandwa mtoto akiwa mdogo, hukatwa anapokwenda shule. Na pale Makambako, barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia, tumewasindikiza vijana wengi wakipanda basi kwenda Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza. Tukiri kosa letu. Katika Misa za kuwaombea, mara ngapi tumehubiri kana kwamba chuo kikuu ni daraja la kuvukia jembe, na kwamba atakayerudi kijijini ameanguka mtoni? Binti huyu haji tena kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo. Kila akifika huulizwa, “Bado tu?” Wanaouliza ni sisi, Wakristo wenzake.

Chuo kikuu ni cha nini, basi? Nchi yetu ilianza kuulizana mapema sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wachache kuliko wanakwaya wetu wa kigango. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, ambamo msomi angelipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1967 akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alikwisha kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, ni msaliti.

Seminarini tulifundishwa pia juu ya Mtakatifu John Henry Newman, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019. Mwaka 1852, huko Dublin, akijiandaa kuanzisha chuo kikuu cha Kikatoliki, alitetea wazo linaloonekana kumpinga Mwalimu: kwamba ujuzi ni mema yenyewe, na kwamba kazi ya chuo kikuu ni kuijenga akili iweze kupima mambo, hata kama ujuzi huo hauleti kipato. Tulipokuwa vijana tuliona ni lazima kumchagua mmoja. Tulimchagua Mwalimu, kwa sababu Newman alionekana anazungumza na watoto wa matajiri, ambao hawakuuza miti.

Lakini tusikilize yaliyotokea katika kigango hicho hicho mwezi uliopita. Mnunuzi alikuja na lori kuchukua viazi. Kama kawaida, gunia lilijazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha lumbesa na kushonwa. Binti yule aliazima mizani, akapima gunia moja mbele ya watu. Lilizidi kilo 130. Akawaeleza wakulima, bila matusi, kwamba sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na akawafanyia hesabu ya kilo wanazozitoa bure kwa kila magunia kumi. Hakusomea sheria wala kilimo, alisomea historia. Kilichomsukuma ni ile tabia ya kuuliza: nani amesema ni kilo mia, na amepima nani?

Ingependeza kuwaambia kwamba mnunuzi aliona haya. Hapana. Aliwasha lori akaenda kununua kijiji cha pili, na wazee kadhaa walimlaumu binti kwamba amewafukuzia mteja. Baba yake alikuwa miongoni mwao.

Tulimwuliza mzee kama alipokuwa akimlaumu alijua hesabu ile ilikuwa sahihi. Alinyamaza kidogo, akasema alijua. Hapo ndipo tunapodhani Newman na Mwalimu wanakutana: akili iliyofundishwa kupima, imerudi kijijini kupima. Chakula kililetwa, ila kijiji hakikukitambua kwa sababu kilikuwa kinangojea mshahara.

Hatusemi kwamba ajira si kitu. Kumwambia kijana asiye na kazi kwamba ujuzi wenyewe unatosha ni ukatili, hasa akisemewa na padri anayekula kwa zaka za baba yake. Kuna deni la Bodi pia, na siku atakapoajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara. Vyuo navyo vinawajibika kuwaambia wazazi ukweli kuhusu kozi kabla miti haijakatwa. Na wakulima kumi wakikataa lumbesa kwa pamoja, mnunuzi hana pa kuhamia. Hilo si la binti peke yake.

Mzee hatukumjibu auze au asiuze. Tulimwuliza tu huyo kijana wa kidato cha sita anatamani kujua nini. Alicheka, akasema hajawahi kumwuliza swali kama hilo. Alimwuliza tu atakuwa nani.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakutana ukumbini na wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha sita. Waje na vijana wao. Binti yule amekubali kuja kuzungumza, na ameomba mizani iwepo.